Mkoba Juu ya Kiti cha Kutua

Chumba kile kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na watu wa mtaa hawakujisumbua kukitafutia jina. Walikiita Juu, basi. Mtu alisema, "Naenda Juu kidogo," na wenzake wakaelewa kwamba kuna jambo limemkaa kooni na anakwenda kulitoa kwa mtu asiyemjua. Kuna mpangaji mmoja mgeni aliyeambiwa na jirani yake, "Mume wangu siku hizi yuko Juu." Akatoa pole za msiba kwa moyo wote, na alichekwa mpaka alipohama.

Juu hakukuwa na daktari wala dawa. Kulikuwa na korido yenye benchi, chumba kimoja chenye viti viwili vinavyotazamana, dirisha lililoingiza harufu ya rangi ya mafuta, na watu wachache waliojitolea kusikiliza. Walipanda ngazi zile waliofiwa, walioachwa, waliofukuzwa kazi, na wengine ambao hawakujua hata wana nini. Walisikilizwa, wakashuka. Hakuna aliyepewa ushauri asioutaka, na lililosemwa mle ndani halikushuka ngazi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na ilishikwa kwa meno.

Msikilizaji aliyetafutwa kuliko wote alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina lilimganda tu, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa upande mmoja mtu akiongea, kama ndugu wa baba anayetaka kusikia ukweli wa nyumba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyokauka kwa sabuni, kwa sababu kazi yake ya mshahara ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Huko alishinda kutwa katikati ya mvuke, akitoa mashuka kwenye mashine, akiyapitisha kwenye pasi kubwa ya roli, na kuyakunja na mwenzake. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Wewe unashika pembe mbili, mimi mbili, tunavuta, tunakung'uta, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anapokea pembe zote na mwingine anainama kuokota lililoning'inia. Kazi hiyo ikiisha, Shangazi alivua aproni, akala kitu akiwa amesimama, na jioni kadhaa za wiki akapanda ngazi za Juu.

Alianza kama wengine wote, kwenye benchi. Mdogo wake wa kike alipofariki, Shangazi aliacha kula, kisha akaacha kusema. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, alimpakia kwenye gari lake bila kumuuliza, akamshusha mbele ya duka la rangi na kumwambia, "Panda. Mimi nakusubiri." Lilikuwa gari la kiwanda cha mikate, jeupe, lenye harufu ambayo watoto waliifuata kwa pua. Dereva alikaa kwenye benchi akichezea funguo mkononi, mpaka mkewe alipotoka na macho mekundu na kusema ana njaa. Walikula mkate wa kiwandani mle mle garini, bila chai, na Dereva hakuwahi kuusahau mlo ule. Shangazi naye hakuusahau. Akabaki Juu kwa shukrani, na shukrani ya mtu kama yeye haina breki.

Aliyepaanzisha Juu alikuwa Mwalimu, mzee aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyewafundisha wasikilizaji maneno yao ya kazi. "Nakusikia." "Hilo ni zito." "Na hapo ulijisikiaje?" Na mtu akimaliza, kabla hajainuka: "Asante kwa kunishirikisha." Ni maneno mazuri, sisemi vibaya. Mtu aliyekaa na donge lake mwaka mzima akiambiwa nakusikia, huwa analia papo hapo.

Mwalimu ndiye pia aliyeleta kiti cha kutua. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kimewekwa ndani ya chumba, karibu na mlango. Sheria yake ilikuwa hivi: msikilizaji haendi nyumbani na mambo ya watu kichwani. Akimaliza mtu wa mwisho, anakaa pale, mwenzake anamletea kikombe cha chai na kumwambia, "Tua." Hasemi ya watu. Anasema yake, yale ya watu yamemfanya nini. Kikombe kikiisha, aende zake. Tena kila baada ya miezi kadhaa, kila msikilizaji alipewa mwezi wa kupumzisha sikio. Mwezi huo hakanyagi ngazi, hata akisema amesahau mwavuli.

Wenzake walitua. Wengine walilia, wengine walitukana, mmoja alizoea kulala usingizi pale pale. Chai iliyowatua aliipika Shangazi. Zamu yake ya kukaa ilipofika, alisema, "Mimi sina kitu, labda njaa," watu wakacheka, akabeba mkoba wake akaenda. Na mkoba wenyewe, kila alipofika Juu, aliutua wapi? Juu ya kile kiti. Ulikaa pale jioni nzima, umenyooka, mkubwa, umefunga zipu, na mtu akihitaji kukaa aliuweka chini kidogo na kuurudisha baadaye kwa adabu. Kiti kikawa cha mkoba. Mwezi wake wa mapumziko nao ulipofika, mara kuna mwenzake ana mgonjwa, mara mwingine ana mtihani, na Shangazi alisema, "Chukua wangu."

Hapa nitasema, na anayetaka kuniita mkorofi aniite. Watu wema wana uchoyo wao. Watakugawia chakula, muda na usingizi, lakini ile raha ya kusaidia wataikumbatia peke yao, na ukitaka kuwasaidia wao watakuambia hawana kitu. Shangazi alikuwa mchoyo wa namna hiyo, na sisi tuliomzunguka tuliuita uchoyo huo roho nzuri, maana ulitufaa.

Alichoka, bila shaka. Alichoka mpaka uchovu ukawa tabia. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alitia chumvi kwenye mboga mara mbili au asitie kabisa. Mtangazaji wa redio akisoma habari, Shangazi alimwitikia, "Mm... mm..." na tangazo la sabuni likipita alitikisa kichwa kwa huruma. Wanawe, walioishi mbali, walimpigia simu wakasema mama siku hizi hana maneno, anasikiliza tu. Walilisema kama sifa. Njiani kutoka Juu, hadithi za watu zilimfuata kama inzi, hata akawa hatazami kushoto wala kulia. Alipita dukani, akanunua mkate, akazunguka vyuma vya fundi wa baiskeli nje ya nyumba yao, akaingia, akakata mkate, akalala.

Basi ikawa siku moja msikilizaji wa Jumatano, kijana kinyozi, akatua vibaya. Alikaa kwenye kiti, mkoba ukiwa sakafuni, akasema kwamba leo saluni amemkata mteja sikio, kidogo tu, lakini alikuwa akilitazama lile sikio na kujiuliza limesikia nini. Alisema hilo akicheka, kisha hakuweza kuacha kucheka. Shangazi alimwekea chai mbele.

"Mwanangu, unaanza mwezi wako kesho," alimwambia.

"Si zamu yangu bado."

"Chukua wangu. Na Jumatano zako nazichukua mimi."

Kinyozi akamtazama. "Jumatano zangu," alisema polepole. "Shangazi, Jumatano kuna mtu huwa anakuja."

"Watu wote huwa wanakuja. Nitamsikiliza."

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, akanywa chai. Angesema nini? Sheria ilikuwa imeshikwa kwa meno, na aliyemfundisha kuing'ata vile ni huyo huyo Shangazi.

Jumatano ilipofika Shangazi alitoka kufulia mikono ikiwa bado na joto la pasi. Alipanda kwa mlango wa nyuma, akaweka mkoba juu ya kiti, akakaa, akafunga macho kidogo kama kawaida yake, akafungua mlango wa koridoni.

"Anayefuata, karibu."

Kwenye benchi walikuwapo mwanamke mmoja mwenye mtandio wa bluu na mwanamume aliyeinamisha kichwa, kofia mkononi. Mwanamume alisimama. Alikuwa Dereva.

Shangazi alidhani ameletewa kitu. Ufunguo, au habari mbaya. "Kuna nini nyumbani?" aliuliza.

"Nyumbani hakuna kitu."

"Umenifuata?"

Dereva aliizungusha kofia. "Nimemfuata yule kijana," alisema. "Kijana wa Jumatano."

Mwanamke wa mtandio wa bluu akaanza kuitazama dari kwa makini. Shangazi alisimama pale mlangoni, mkono kwenye kitasa. Juu kulikuwa na sheria nyingine, ndogo, ambayo haikuwahi kumgusa: msikilizaji hamsikilizi wa nyumbani kwake. Jamaa anapelekwa kwa mwingine. Aliifundisha kwa wengine mara nyingi, na sasa ilitoka mdomoni mwake yenyewe, kwa ile sauti ya kazi, laini, iliyonyooka.

"Kijana yuko mapumzikoni. Mimi siruhusiwi kukupokea. Ukipenda, unaweza kumngojea Mwalimu."

"Najua huruhusiwi, mama," Dereva alisema. "Nitarudi siku nyingine."

Akashuka ngazi polepole, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta. Shangazi aliuona ule mkono. Aliuona, akageuka, akamwambia mwanamke wa mtandio wa bluu, "Karibu, dada." Benchi lilikuwa na mtu, na yeye hakuwahi kuliacha benchi lenye mtu.

Mwanamke yule aliongea kwa kirefu. Shangazi aliinamisha kichwa. Alisema nakusikia, akasema hilo ni zito, akauliza alijisikiaje, na kila neno lilitua mahali pake sawasawa. Mwishoni mwanamke alifuta macho, akamshika mikono yote miwili. "Asante, Shangazi. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna hii."

Alipotoka, Shangazi alijaribu kukumbuka alichoambiwa. Kulikuwa na habari za mtoto, au za nyumba. Hakukumbuka. Hakuwa amesikia hata neno moja, na yule mwanamke hakuona tofauti yoyote. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli, maana alijiuliza ni wangapi wengine.

Hakungoja chai. Alichukua mkoba, akafunga mlango, akaenda moja kwa moja saluni kwa kinyozi. Alimkuta amempaka mteja povu kidevu kizima, wembe mkononi.

"Mume wangu anakuja kwako kusemea nini?"

Mteja alitaka kugeuka, kinyozi akamshika kichwa. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Anasemea nini?"

"Shangazi, mteja huyu ana povu."

"Niambie moja tu. Kuna mwanamke?"

Kinyozi akanyoa mstari mmoja, taratibu.

"Ni ugonjwa? Basi tikisa kichwa tu."

"Wewe ndiye ulinifundisha kwamba hata kutikisa kichwa ni kusema," kinyozi alijibu bila kumtazama. Kisha sauti ikalainika. "Nenda nyumbani, Shangazi. Muulize yeye. Nilikuwa namwambia kila wiki akuambie tena."

"Aniambie tena?"

Kinyozi aliuma ulimi. Alikuwa amesema neno moja zaidi ya alilopaswa, akarudi kwenye kidevu cha mteja wake na hakuinua tena uso.

Shangazi alitembea. Jua lilikuwa bado halijazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitazama alikopita. Dukani alisimama kwa mazoea, mkono ukiwa umeshaingia kwenye mkoba, akaendelea bila kununua. Nje ya nyumba yao fundi wa baiskeli alikuwa ameketi kwenye kigoda, magurudumu, fremu na minyororo vimetandazwa ukutani mpaka chini ya dirisha la Shangazi.

"Fundi, hivi vyuma vyako siku hizi vimeota?"

"Nisamehe, mama. Nilimwomba Dereva ruhusa. Nikasema kwa kuwa nafasi iko wazi tangu gari liondoke..."

"Gari gani?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Gari la mkate, mama."

Shangazi alitazama pale chini. Lile doa jeusi la mafuta, yaliyokuwa yakivuja garini miaka yote na kumfanya agombe miaka yote, lilikuwa limekauka na kuwa kijivu. Vumbi lilikuwa limelala juu yake. Kwa muda gani alikuwa akivizunguka hivi vyuma? Aliwaza mkate. Tangu waoane hakuwahi kununua mkate. Dereva alirudi nao kila siku, ule uliobaki kwenye gari, umefungwa kwenye gazeti. Kisha ikafika siku fulani, yeye Shangazi akaanza kupita dukani, na hakujiuliza kwa nini.

Ndani, Dereva alikuwa mezani akimenya viazi. Alikuwa akivigeuza vidoleni na kutafuta ganda kwa kidole gumba.

"Baba, gari liko wapi?"

Kisu kikasimama. "Nililirudisha."

"Lini?"

"Nilikuambia, mama."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia." Hakusema kwa hasira. "Ulikuwa unakunja mashuka, hapo hapo uliposimama. Ukanipa pembe mbili nikushikie. Nikakuambia niligonga geti la kiwanda upande wa kushoto na sikuliona. Nikaenda kwa daktari wa macho pale hospitalini kwenu, akasema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha kwenda, la kulia linaweza kuokolewa nikishika dawa na kwenda kila nikiitwa. Nikakuambia nimepeleka funguo mwenyewe, kabla sijagonga mtoto wa mtu. Tukakunja mpaka shuka likaisha."

Shangazi alilikumbuka lile shuka. Lilikuwa la kijani, limechakaa katikati. Alikumbuka pembe zake, na mvuto wa mikono ya upande wa pili. Sauti hakuikumbuka.

"Mimi nikasemaje?"

"Ulisema vizuri tu."

"Nilisemaje, baba?"

Dereva akaweka kiazi chini. "Ulisema hilo ni zito. Ukaniuliza nilijisikiaje. Nikakueleza, ukatikisa kichwa. Halafu ukapokea pembe zangu, ukasema asante kwa kunishirikisha. Ukaenda kulala."

Nje fundi aligonga kitu, akaacha. Shangazi alihisi maneno yakimpanda kooni, yale yale, yamejipanga kwa foleni: nakusikia, hilo ni zito. Yalifika mpaka kwenye ulimi, na aliyachukia kama mtu anayechukia harufu ya chakula kilichomtapisha. Aliyameza kwa nguvu. Yalipopita, chini yake kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichotoka.

"Na wewe ukanyamaza?" alisema. "Mwanamume mzima umepoteza jicho, mkeo anakuambia asante kwa kunishirikisha, na wewe unakunja shuka? Ulishindwa kupiga meza? Ulishindwa kunimwagia maji? Umekwenda hospitali yangu mwenyewe, jengo lile lile ninalofua mimi, umekaa foleni peke yako kama huna mtu, umepewa habari kama hiyo, umerudi kuniambia mara moja, moja tu, halafu ukaenda kumwambia kinyozi? Kinyozi ambaye ananyoa watu masikio?"

"Alikata moja tu."

"Usinichekeshe. Dawa iko wapi? Anayekutia ni nani?"

"Najitia mwenyewe."

"Unajitia shavuni. Angalia hilo shavu. Nilidhani unatoka jasho."

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka fundi wa baiskeli alikusanya nyundo zake kwa heshima na kusogea mbali na dirisha. Alimgombeza Dereva kwa jicho, kwa gari, kwa geti la kiwanda, kwa viazi alivyovimenya nusu, hata kwa doa la mafuta lililokauka. Dereva alimtazama kwa lile jicho lililobaki, amegeuza uso kidogo ili ampate wote, na mdomo wake ukaanza kufunguka kwa kicheko ambacho alijaribu kukizuia.

"Unacheka nini?"

"Endelea."

"Niendelee na nini?"

"Kunigombeza," alisema Dereva. "Kule kwa kijana nasikilizwa vizuri sana. Lakini kwa habari ile nilikuwa nataka mtu wa kunigombeza."

Shangazi alitaka kuendelea. Alikuwa na mengi bado. Lakini alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na kushika tama. Hakulia. Alikuwa amechoka kuliko kulia. Baada ya muda aliomba kichupa cha dawa, akamlaza kichwa nyuma, akamtia dawa jicho la kulia kwa vile vidole vyake vikavu, na tone likaingia mahali pake. Usiku huo walikula viazi visivyo na chumvi, na Dereva hakulalamika.

Wiki iliyofuata walipanda ngazi za Juu pamoja, Shangazi upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko ukingo wa ngazi ulikokuwa ukimpotea. Dereva alisema bado anataka kuongea na mtu mwingine asiye mkewe. Shangazi alisema sawa, na lilimuuma, na alisema pia kwamba linamuuma. Mwalimu alikuwa amezichukua Jumatano mwenyewe. Alimpokea Dereva ndani, na Shangazi akakaa benchi, kama mke wa mtu yeyote. Mwanamke mmoja aliyemjua alimsogelea na kuanza, "Afadhali nimekukuta, Shangazi, yaani huwezi kuamini..."

"Leo nimemleta mume wangu," Shangazi alimwambia. "Niwie radhi."

Ilikuwa sentensi fupi, lakini ilimtoa jasho kuliko mashuka ya wodi nzima. Mwanamke alishangaa, akakaa pembeni, na hakufa.

Dereva alipotoka, Mwalimu alisimama mlangoni na kuifuta miwani yake. "Ingia, Shangazi."

"Mimi nipo mapumzikoni kuanzia leo. Nimekuja kukupa ufunguo tu."

"Ufunguo utauacha. Lakini hakuna anayeanza mwezi wake bila kutua. Hiyo ni sheria, na sisi wote tumekuacha uivunje kwa sababu ilitufaa." Alisema hivyo akitazama sakafu. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huo mkoba."

Shangazi aliushika mkoba kidogo, kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu, kisha akaachia. Mwalimu akautundika msumarini, nyuma ya mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye mbao za kukalia palikuwa na alama ya mraba, iliyong'aa kuliko pengine, pale mkoba ulipokuwa ukikaa. Akakaa juu yake. Mikono ya kiti ilikuwa imewekwa juu kuliko alivyodhani.

Dereva alirudi kwenye benchi kusubiri. Mlango ulibaki wazi kidogo, na kupitia ule ufa Shangazi alimwona ameketi kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakuwa na funguo za kuchezea, na vidole vyake havikujua pa kukaa.

Mwalimu alileta chai. Alikuwa ameipika vibaya, majani yakielea juu. "Haya," alisema. "Tua."

"Sina kitu," Shangazi alisema, "labda..." Neno njaa halikutoka.

"Mwalimu, mume wangu alikuwa analeta mkate nyumbani kila siku," alisema mwishowe. "Halafu ukakoma. Na mimi nikawa napita dukani. Nanunua mkate. Nafika nao nyumbani, namkatia, namwekea mezani mbele yake, anakula. Dereva wa gari la mkate. Nilikuwa namnunulia mkate, Mwalimu, kila siku, na yeye anasema asante."

Mwalimu alikuwa na maneno yote tayari, maana ni yeye aliyeyatunga, na hakutoa hata moja. Alisogeza kiti chake karibu. Koridoni benchi lililia kidogo, mtu akijiweka vizuri ili asubiri. Chai ikapoa, na hakuna aliyemharakisha.